Siku Niliyokomesha Kuvuja kwa Trekta la Baba Mkwe

Nilikuwa nimeamua mambo haya yaishie kulekule Kinyangiri, lakini hadi nafungua shule Januari nikakuta Nduguti nzima, ninakofundisha, inayasimulia kwa namna zake (kuna anayesema trekta lililipuka, kuna anayesema nilitia mafuta ya alizeti kwenye injini, uongo mtupu), kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe, maana ukweli wake ni mbaya vya kutosha bila kuongezewa chumvi. Hadi leo nikikumbuka uso wa baba mkwe pale korongoni, mwili unapoa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naomba hilo mlijue mapema kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi. Nimeoa Kinyangiri, kwa Mzee Msengi, mzee wa kanisa na mkulima wa alizeti, mtu wa maneno machache, na mke wangu Mama Upendo ni binti yake wa tatu. Mzee ana trekta jekundu lililomzidi umri mke wangu, rangi imebabuka, kiti ni gunia lililojazwa nyasi, lakini kila msimu linalima mashamba yake na ya nusu ya kijiji, na anavyolipenda, akilizima jioni hupiga boneti kwa kiganja mara mbili kama mtu anayemuaga ng'ombe wake.

Sasa trekta hilo lilikuwa linavuja. Kidogo tu. Chini ya injini kuna karai la oili ambalo mafundi wanaliita sampu, na kwenye bolti ya kumwagia oili, tone moja lilikuwa linajikusanya, linaning'inia, linadondoka kwenye kopo la maziwa ya unga ambalo Mzee alikuwa amelitega hapo tangu sijaoa. Miaka yote tone na kopo. Ukimwuliza anasema, "Hilo linatoa jasho tu," basi yamekwisha.

Desemba iliyopita tukaenda likizo. Mvua zilikuwa zimeshanyesha mara mbili, ardhi imelainika, watu wote wanangojea Mzee aanze kulima. Ijumaa asubuhi akaondoka kwenda Nduguti kwenye kikao cha kanisa, akasema atarudi Jumamosi jioni, na mimi nikabaki pale uani nimekaa kwenye kiti. (Hiki kiti nacho kilinichosha. Miaka sita mimi ni mkwe wa nyumba ile, na kila nikifika naletewa kiti na maji ya kunywa, basi, hakuna aliyewahi kunipa jembe wala kuniambia mwalimu shika hapa, nami nilikuwa najua wanaionaje mikono ya mtu anayeshika chaki.) Nikawa naliangalia lile tone. Linajikusanya, linaning'inia, linadondoka. Nikasema moyoni, hii si kazi ya fundi, hii ni washa imekwisha, kile kipete cha kuzibia bolti.

Na kweli ilikuwa washa. Hapo sikukosea, naomba haki yangu. Nikaingia chini na spana, nikategesha beseni (beseni la kufulia la mama mkwe, hilo nalo nililisikia baadaye), nikafungua bolti, oili ikatoka yote nyeusi kama lami, na ile washa ya shaba nikaikuta imelika upande mmoja, nyembamba kama ukucha. Nikaenda kwa muuza spea za pikipiki nikapata nyingine ya kipimo kilekile, nikanunua na galoni la oili mpya, kwa sababu nilimwonea huruma Mzee kwa ile nyeusi, nikarudi, nikafunga, nikakaza. Kazi safi. Ningeishia hapo na kumwachia mwenyewe atie oili, leo ningekuwa mkwe wa kupigiwa mfano.

Lakini galoni lilikuwa mkononi na vifuniko vilikuwa viwili.

Kimoja kilikuwa juu ya injini, kimegandamana na vumbi na grisi hata hakionekani kama kinafunguka. Cha pili kilikuwa nyuma, karibu na gia, kipana, kisafi, na pembeni yake kuna stiki ya kupimia. Nikasimama pale nikifikiri, na nilivyofikiri ni hivi: Mzee anaongeza oili mara kwa mara kwa sababu ya ule mvujo, kifuniko kinachofunguliwa mara kwa mara lazima kiwe kisafi, kwa hiyo ni hiki cha nyuma. Mnaona jinsi akili inavyoweza kupanga mambo vizuri kabisa kuelekea shimoni?

Mke wangu alikuwa anapepeta mahindi mlangoni. Akaniona nimesimama na galoni kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Baba Upendo, mpigie baba umwulize," akasema.

"Nimwulize nini?"

"Pa kumimina. Si unaonekana hujui?"

Jamani, ningempigia. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini nikamwona Mzee kule kikaoni, katikati ya wazee wenzake, anapokea simu na kusema kwa sauti, "Mwalimu anauliza oili inamiminwa wapi," na wale wazee wanatazamana. Nikamwambia mke wangu kwamba mtu aliyesoma fizikia chuo kikuu hapigi simu kwa jambo kama hilo, nikafungua kile kifuniko kisafi, nikamimina galoni zima. Nikapima kwa ile stiki ya pembeni. Ilikuwa imejaa, tena imepita alama kwa vidole viwili. Hata hapo sikushtuka. Nikajisemea afadhali izidi kuliko ipungue.

Jumamosi Mzee alirudi jua limeshazama, akala, akalala. Jumapili asubuhi nikiwa napiga mswaki nikamwona amechuchumaa kando ya trekta na suti yake ya kanisani. Amelishika lile kopo. Kavu. Akapeleka kiganja chini ya sampu akapapasa, akakitoa, akakiangalia. Kikavu.

"Nani kagusa hapa?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akapapasa tena. "Halivuji."

"Halivuji, baba. Ilikuwa washa."

"Na oili?"

"Nimeweka mpya, galoni zima. Na stiki nimepima, imejaa."

Akanitazama kwa muda mrefu, na katika miaka sita sijawahi kutazamwa vile na yule mzee, kama vile alikuwa ananiona nikiingia getini kwa mara ya kwanza. Akasema, "Kumbe mwalimu una mikono." Basi. Maneno manne, na mimi nikayabeba hadi kanisani kama mtu aliyebeba yai. Na kule kanisani nikakuta ameshawaambia watu, maana kila ninayempa mkono ananiuliza habari za washa.

Siku hiyo tulikuwa na wageni, kwaya kutoka Iguguno, watu zaidi ya ishirini, waliokuwa waje kuimba kwenye ibada ya shukrani. Tukasubiri. Ikapita saa nzima. Mara akaja mtu wa bodaboda akasema basi lao dogo, Kosta, limezama kwenye mchanga wa korongo, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka pale kanisani, na dereva amechanganyikiwa kwa sababu huko juu milimani mbingu imeshakuwa nyeusi. Kwa asiyejua makorongo ya kwetu: yanakaa makavu mtu anapita na baiskeli, halafu mvua inanyesha huko mbali ambako wewe huioni, na maji yanakukuta hapohapo huku juu yako jua linawaka.

Mzee Msengi akasimama. "Mwalimu, twende tukalete trekta."

Aliniita mimi. Wanawe wa kiume wawili walikuwa wamekaa benchi la mbele, akaniita mimi. Nikatoka nyuma yake na kifua mbele.

Likawaka mara moja. Mzee akaendesha, mimi nikakaa juu ya bati la tairi nikishika kwa mkono mmoja kama nilivyoona vijana wa trekta wanavyofanya, tumevaa suti wote wawili, watoto wanatupungia. Mshale wa oili kwenye dashibodi ulikufa zamani, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kutuonya. Njiani nikahisi mlio umekuwa mkavu kidogo, kama mtu mwenye koo linalowasha, nikamwangalia Mzee, naye akawa ananiangalia. Nikatabasamu. Naye, kwa sababu mimi ndiye niliyetengeneza, akaamini tabasamu langu.

Tulipotokea ukingoni mwa korongo kwaya ikashangilia. Walikuwa wameshateremka wote, wamesimama upande wa pili na sare zao, blauzi nyeupe na sketi za zambarau, wanaume mashati meupe, na Kosta chini imekaa na tumbo lake mchangani. Mzee akashuka hadi chini mchangani, akageuza, akarudi nyuma mpaka karibu na Kosta. Wakati dereva anafunga mnyororo, Mzee, ambaye kwenye harusi yangu alisema maneno mawili, akasimama juu ya trekta na injini ikiunguruma, akawaambia kwaya: "Msihofu. Trekta hili lilikuwa linavuja miaka mingi. Huyu mkwe wangu amelitengeneza kwa mikono yake. Sasa halivuji hata tone."

Wakanipigia makofi. Mama mmoja mnene aliyekuwa kiongozi wao akapiga vigelegele. Nami (hapa ndipo panaponichoma) nikainua mkono.

Mzee akaketi, akaweka gia, mnyororo ukanyooka, trekta likainua pua kidogo, Kosta ikatikisika ikasogea kama hatua mbili, watu wakasema sogea, sogea, na hapo ndani ya injini kikaanza kitu kinagonga, ko, ko, ko, ko, halafu ukafuata mlio ambao sijui niuelezeje, mlio wa chuma kinachosaga chuma kikilia, mrefu, na mara trekta likajibana na kusimama kabisa kama limeshikwa na mkono. Kimya. Moshi mwembamba wa bluu ukatoka pembeni ya boneti ukiwa na harufu ya kitu kilichoungua.

 Watu zaidi ya ishirini, na nilikuwa nasikia ndege.

Mzee akajaribu kuwasha. Tik. Akajaribu tena. Tik. Akateremka taratibu, akazunguka upande wa kulia wa injini, akachomoa stiki ambayo mimi sikuwahi kuijua, fupi, imejificha nyuma ya mabomba, akaipitisha kwenye vidole. Ikatoka kavu. Akainusa. Akaishika vile mbele yake.

"Mwalimu," akasema, "oili uliweka wapi?"

Nikanyoosha kidole.  Watu wote wakageuza shingo kufuata kidole changu hadi kwenye kile kifuniko kipana, kisafi, cha nyuma.

Dereva wa Kosta akakohoa. "Pale ni giaboksi, mwalimu," akasema kwa upole, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake jibu kwenye mtihani.

"Kwenye injini hukutia?" akauliza Mzee.

"Nilidhani ndiyo hiyo, baba."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini lilikuwa halivuji. Halikuwa na cha kuvuja. Mzee alipokuwa amechuchumaa na suti yake anapapasa kule chini kwa furaha, alikuwa anapapasa injini tupu, na mimi niliyesimama pembeni na mswaki mdomoni nilikuwa nimeshaliua kabla halijawashwa. Kidato cha pili nawafundisha msuguano. Nina chati niliyoichora mwenyewe, chuma kwa chuma, na mishale.

Nilingoja anipige. Kweli, nilijiandaa. Badala yake akavua koti la suti, lile la kahawia analovaa Pasaka na Krismasi, akalitandaza juu ya boneti, akalinyoosha kola. Kama mtu anayemfunika maiti. Kisha akakaa mchangani na mgongo wake kwenye tairi. Nimewahi kuona watu wakikasirika, nimewahi kuona watu wakilia, lakini ule utulivu ulinitisha kuliko vyote. Nikawaza msimu. Nikawaza mashamba yote yaliyokuwa yanangojea lile trekta, na watu waliokuwa wameshapanga siku zao.

Mke wangu, ambaye alikuwa amefika kwa miguu na watu wengine wa kanisani, akaja akasimama karibu yangu. Hakusema kuhusu simu. Alinifungua tai tu, maana nilikuwa nahema.

Dereva alikuwa anaangalia juu. "Wazee, maji," akasema. "Yakitukuta hapa tumepoteza vyote viwili."

Ndipo akaja Mzee Gunda na maksai wake, ameitwa na yule wa bodaboda kutoka shambani alikokuwa akilima.

Lazima niwaambie kidogo huyu ni nani. Mzee Gunda ni jirani wa baba mkwe, Mwislamu, mkulima mwenzake tangu ujana, na hajawahi kulima kwa kitu kingine ila ng'ombe. Kwa miaka yote hiyo baba mkwe alikuwa akipita na trekta kando ya shamba lake anampigia kelele, "Gunda, bado unasukuma mikia?" Utani wa wazee, lakini utani uliokaa muda mrefu. Sasa nikamwona anateremka ukingo na jozi tatu, nira zimefungwa, mnyororo begani, nikatamani mchanga unimeze, kwa sababu nilijua anachokuja kusema, na kila aliyekuwepo alijua.

Hakukisema. Akamtazama baba mkwe aliyekaa chini, akatazama koti juu ya boneti, akauliza tu, "Gia iko huru?"

"Bado," akajibu baba mkwe.

"Iachie huru."

Baba mkwe akainuka, akatoa gia. Ng'ombe sita wakafungwa mbele ya trekta. Mzee Gunda akawaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, wakainamisha vichwa, na lile trekta jekundu, ambalo lilikuwa limewacheka maisha yao yote, likapanda ukingo nyuma ya mikia yao, baba mkwe akiwa ameshika usukani na macho ameyashusha. Mimi nilikuwa nasukuma nyuma na suti yangu. Sikuthubutu kuacha.

Kisha wakarudi kwa Kosta. Safari hii kwaya nzima ilisukuma, wanawake kwa wanaume, matairi yanazunguka yanarusha matope yaliyokuwa chini ya mchanga, weupe wa zile blauzi sikuuona tena. Magurudumu ya nyuma yalikuwa ndiyo kwanza yameshika ukingo tuliposikia ule muungurumo, na maji yakaja yakikunja kona, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi na ndala moja ya mtu, yakafunika pale pote tulipokuwa tumesimama. Yule mama kiongozi wa kwaya alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua ni wa nani. Alipogeuka akaona ni mimi, akauachia.

Ibada ilifanyika saa nane mchana. Kwaya iliimba na matope yake, na waliimba vizuri, watu wakalia. Mchungaji akamshukuru Mungu kwa wageni kufika salama, akamshukuru kwa Mzee Gunda na ng'ombe wake, na alipofika kwenye sentensi ambayo ingekuwa yangu akameza mate akasema "na kwa yote mengine." Kanisa zima likageuka kuangalia benchi la nyuma nilipokaa. Kabla ya magharibi watoto walishanipa jina, Mwalimu Giaboksi, na jina hilo lilifika Nduguti kabla yangu.

Fundi aliletwa kutoka Singida mjini, akafungua injini, akatuonyesha zile beringi za ndani zilivyoyeyuka na kushikana na kirenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Alisema vipuri vya trekta la umri ule hutafutwa kwa subira. Basi mashamba ya baba mkwe yakalimwa na maksai wa Mzee Gunda, yakisubiri hadi Mzee Gunda amalize yake, na mimi likizo yote iliyobaki nilitembea mbele ya ng'ombe nimeshika kamba, asubuhi hadi mchana, miguu inauma, watu wakipita na kunisalimia kwa lile jina. Kiti sikuletewa tena. Baba mkwe nikimwambia shikamoo anajibu marahaba, na baada ya hapo hakuna neno. Hivyo kwa wiki tatu.

Siku moja kabla ya kuondoka nikamfuata zizini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha, nimeyakariri njiani kama mtoto wa shule, nikasimama mbele yake nikasema, "Baba, nilikosea," na mengine yote yakapotea.

Akaendelea kufunga mlango wa zizi. Akasema, "Simu yangu ilikuwa na chaji siku ile."

"Ndiyo, baba."

"Tulikuwa tumekaa tu tunangojea chakula. Ningekuambia. Dakika moja."

Halafu akaingia ndani. Sikupata usingizi kwa maneno yale, hata sasa yananijia nikiwa ubaoni. Hakuwa analilia trekta peke yake. Alikuwa anashangaa kwa nini nilimwogopa.

Fundi anasema vipuri vimepatikana, huenda mwezi ujao likaunguruma. Mimi silisogelei. Mnyororo wa baiskeli yangu ukichomoka naikokota hadi kwa fundi, acha watu wacheke. Na kitu nisichokijua, kikubwa au kidogo, nauliza, namwuliza mwanafunzi, namwuliza mke wangu, namwuliza mtu wa dukani. Wengine wananicheka. Sawa. Wanicheke nikiwa bado sijafungua kitu.